Imeli imedukuliwa na majina yote kwenye simu hayapo: pita hapa kabla hujagusa kitu

Zima data kwanza. Zima na waifai. Kama kwenye simu yako kuna majina yamebaki, hata nusu tu, weka eropleni modi sasa hivi halafu hii uendelee kuisoma kwenye simu ya mtu mwingine, maana kinachomaliza majina ya watu wengi sio mwizi peke yake, ni simu yenyewe kusinki. Mwizi akishaingia kwenye imeli akafuta majina huko mtandaoni, simu yako ikipata bando tu inaenda kuangalia huko kuna nini, inakuta hakuna kitu, na yenyewe inafuta. Haina habari kama aliyefuta ni wewe au ni mtu usiyemjua.

Watu huwa wananiuliza, sasa namba za mama yangu na fundi wangu zinamsaidia nini yule mtu mpaka azifute. Zinamsaidia sana. Anazikopi kwanza, afu anazifuta kwako ili ushindwe kuwaambia watu wako kwamba anayewaomba hela sio wewe. Muda wote unaohangaika kutafuta namba ya shemeji, yeye anaongea na shemeji. Kwahiyo kitu cha kwanza kabla hata ya kuanza kurudisha majina, tuma voisi kwenye magrupu yako yote ya WhatsApp (kama kuna majina yamebaki kwenye simu, zima kwanza sinki ya majina kwenye mipangilio ya akaunti ndo uwashe data), la ukoo, la kikoba, la wazazi wa shule, la msikitini au kanisani, sema imeli yangu imeibiwa, mtu akiombwa hela kwa jina langu anipigie asikie sauti yangu. Magrupu hayapotei majina yakifutwa, bado yapo kwenye simu, wengi wanasahau hili.

Nakaa Ngamiani hapa Tanga, simu na kompyuta ndo kazi yangu, na wanaoumia na hili jambo ni watu ambao kitabu chao cha namba ndo duka lenyewe. Mtu wa machungwa Muheza ana wateja Nairobi na Dar ambao hajawahi hata kuwaona sura, mwenye gesti Pangani ana mawakala wa wageni, mama wa mwani ana wanunuzi wake. Hizo namba zikipotea msimu nao umepotea. Ndo maana nasema twende taratibu, kwa sababu mara nyingi majina bado yapo sehemu, yanakuja kupotea moja kwa moja pale mtu anapoanza kubonyeza bonyeza kwa hasira.

Swali la kwanza kabisa: yalikuwa yamehifadhiwa wapi?

Hili lijibu kabla ya lolote. Majina kwenye simu moja yanaweza kuwa yamekaa sehemu tatu nne tofauti na wewe unayaona kama orodha moja. Kuna ya kwenye laini, kuna ya kwenye simu yenyewe, kuna ya Gmail, wengine wana na akaunti ya Samsung au iCloud. Ya kwenye laini na ya kwenye simu mdukuzi wa imeli kwa kawaida hayagusi. Fungua apu ya majina, ingia mipangilio, angalia pale pa kuchagua majina ya kuonyesha, unaweza kukuta imekaa kwenye Gmail peke yake na majina mia ya laini yamefichwa tu. Hilo nalo linatokea, mtu analia kumbe ni kuweka tiki.

Dalili: kwenye simu hayapo, lakini ukiingia contacts.google.com kwa kompyuta yapo

Hapa shukuru Mungu, hakuna kilichofutwa. Sababu kubwa ni kwamba paswedi imebadilishwa (na wewe au na yeye) na simu imetolewa kwenye akaunti, au wewe mwenyewe kwa woga uliiondoa akaunti kwenye simu na majina yakaondoka nayo. Badili paswedi kwa kompyuta, ingiza akaunti upya kwenye simu, washa sinki ya majina, subiri. Usifanye kingine chochote, usirestoa chochote, utaishia kupata kila mtu mara mbili mbili.

Dalili: hata mtandaoni hayapo, ila imeli bado unaweza kuingia

Hii ndo ya watu wengi na ndo yenye kazi, nitakaa nayo kidogo.

Usikimbilie kurudisha majina. Najua roho inakuwa juu lakini ukirudisha wakati mwizi bado yumo ndani atayafuta tena, na safari hii atajua kwamba umeshtuka. Mtoe kwanza. Badili paswedi ukiwa kwenye kifaa unachokiamini, ingia myaccount.google.com sehemu ya usalama, angalia orodha ya vifaa vilivyoingia, toa kila usichokitambua, na kama huna uhakika toa vyote ubaki na hicho kimoja. Angalia namba ya simu ya kurejesha akaunti na imeli ya kurejesha kama ni zako kweli, maana akishaweka yake pale hata ubadili paswedi mara ngapi atarudi. Angalia programu ulizoziruhusu kuingia kwenye akaunti, ondoa usizozijua. Afu washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi peke yake isitoshe kuingia, mpaka uthibitishe na kwenye simu yako.

Sasa kuna chumba kimoja watu hawakifungui kabisa kwa sababu kwenye simu hakionekani vizuri. Fungua Gmail kwa kompyuta, mipangilio yote, nenda kwenye vichujio na kwenye kusambaza barua. Mwizi anapenda kuacha kichujio kinachosema barua yoyote yenye neno fulani, mfano la benki, ifutwe au itumwe kwake. Paswedi mpya haifuti kichujio. Unaweza kumtoa nje na bado barua zako zinamfikia kila siku. Hapo hapo angalia kama kuna mtu mwingine amepewa ruhusa ya kusoma akaunti, na kama anwani ya kujibiwa imebadilishwa, wanaweka inayofanana na yako herufi moja tu tofauti, wateja wako wakijibu majibu yanaenda kwake.

Ukishamtoa, ndo turudi kwenye majina. Ingia contacts.google.com. Kabla ya kurudisha, toa nakala ya yaliyopo hata kama ni kumi tu, palipoandikwa Export, hifadhi hilo faili. Afu angalia Tupio, kwa Kiingereza Trash. Majina yaliyofutwa yanakaa humo siku 30 ndo yanafutika. Yakiwepo, chagua yote, rudisha, umemaliza.

Kama Tupio halina kitu au majina yamevurugwa badala ya kufutwa, nenda kwenye alama ya mipangilio juu, bonyeza Undo changes, simu za Kiswahili inaandika tendua mabadiliko. Hapo Google inakirudisha kitabu chako chote kilivyokuwa muda unaouchagua, dakika 10 zilizopita, saa moja, jana, wiki, au muda wako mwenyewe mpaka siku 30 nyuma. Wengi wanabonyeza wiki tu bila kufikiria. Tafuta kwanza mwizi aliingia lini. Kwenye orodha ya vifaa kuna tarehe, na kwenye barua zako, hasa zilizotupwa, huwa kuna ile taarifa ya kwamba kuna mtu ameingia kwa kifaa kipya, ina saa na dakika. Chagua muda wa kabla ya hapo kidogo. Ukirudi nyuma sana, wateja uliowaongeza katikati wataondoka, ndo maana tumetoa nakala kwanza, unawarudisha kwa Import. Na ukikosea muda sio mwisho wa dunia, unaweza kutendua tena ukachagua mwingine, ilimradi uko ndani ya hizo siku 30.

Wenye iPhone: kama majina yalikuwa iCloud, ingia icloud.com kwa kompyuta, sehemu ya Data Recovery, kuna nakala za majina za siku 30 zilizopita. Inafuta yaliyopo na kuweka ya zamani kwenye vifaa vyako vyote, kwahiyo nakala kwanza. Ila angalia vizuri, wengi wa iPhone huku majina yao yako Gmail na iCloud haina kitu. Outlook na Hotmail nazo kwenye ukurasa wa majina kuna sehemu ya kurudisha yaliyofutwa, siku 30 vilevile. Yahoo nao wana kurestoa kutoka kwenye bekapu zao, ukiingia tu usikawie.

Dalili: simu ya zamani ipo kwenye droo

Sio dalili ila naiweka hapa hapa kwa sababu imeokoa watu wengi kuliko njia nyingine yoyote ninayoijua. Simu uliyoiacha miezi iliyopita, kioo kimepasuka, betri imekufa, bado ina kitabu chako kama kilivyokuwa siku ya mwisho ilipokuwa na intaneti. Ila ukiiwasha nyumbani kwenye waifai inayoijua, dakika hiyo hiyo inasinki na inafuta.

Kuna mama mmoja wa Chumbageni anauza viungo vya Amani, iliki, mdalasini, pilipili manga, siku 30 zilikuwa zishapita na kila kitu cha mtandaoni kimegoma. Akakumbuka Tecno ya zamani anayochezea mjukuu. Tuliichaji ikiwa imezimwa, tukatoa laini, ruta ya pale jirani tukaomba izimwe, ndo tukaiwasha. Ikafunguka pole pole, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye eropleni modi. Tukafungua majina, yote yapo, mpaka wale aliowaandika kwa kifupi chake "Iliki Mombasa mzee", "Mdalasini Kkoo 2". Ukiingia sehemu ya Organise, kwenye simu nyingine inaitwa Fix & manage, kuna Export to file, inatoa faili moja lenye mwisho wa vcf. Hifadhi kwenye memori kadi. Usilihamishe kwa kuwasha data, toa kadi au tumia waya kwenda kwenye kompyuta. Afu angalia ukubwa wa hilo faili: kama una majina mia nane na faili lina KB 1, halijatoka, rudia, angalia umechagua akaunti gani kutoa. Lifungue kwenye kompyuta kwa programu yoyote ya maandishi, utaona majina na namba kwa macho yako, ndo uwe na amani.

Kwahiyo kabla hujasema zimepotea uliza nyumbani, tableti ya watoto, simu uliyompa mdogo wako Korogwe, laptopu yenye Outlook. Mpigie mwambie asiiwashe, au kama inatumika azime data.

Dalili: huwezi kuingia kwenye imeli kabisa

Paswedi haikubali, namba ya kurejesha inaishia na tarakimu usizozijua. Nenda g.co/recover na fanya ukiwa na simu au kompyuta uliyozoea kuingilia, sehemu uliyozoea, kwa mtandao uliozoea. Google inaangalia hayo. Mtu anaibiwa akiwa Tanga, anapanda basi kwenda kwa mtaalamu Dar anajaribu kwa kompyuta ngeni, anakataliwa. Rudi nyumbani kwako ukae kwenye waifai yako. Na fanya haraka, kwa sababu mwizi akibadilisha namba ya kurejesha, ile yako ya zamani bado inaweza kutumika mpaka siku 7. Baada ya hapo inakuwa kazi nzito. Majibu usiyoyajua usiache wazi, jaza unachokikumbuka kwa karibu, mfano paswedi ya zamani ya mwisho unayoikumbuka.

Outlook wao, taarifa zote za usalama zikibadilishwa kuna kusubiri siku 30, na siku 30 ndo hizo hizo za majina, kwahiyo kwa Outlook tegemea zaidi vifaa vya zamani.

Kama laini yako nayo ilikata mtandao ghafla siku hiyo hiyo, hapo sio imeli tu, kuna uwezekano laini imechukuliwa na mtu. Nenda kwenye duka la mtandao wako na namba ya NIDA na kidole chako wairudishe leo leo, kabla ya imeli, maana namba zote za uthibitisho zinaingia kwenye hiyo laini. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, usizozijua ziondolewe. Meseji za kuomba hela zinazotumwa kwa jina lako watu wakipata wazipeleke 15040 ya TCRA pamoja na namba iliyotuma. Na polisi nenda kachukue RB, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalihusu jambo hili, na siku mteja akidai alikutumia hela kumbe alimtumia mwizi utakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Usimlipe mtu mtandaoni anayekwambia anarudisha akaunti kwa elfu hamsini. Hana mlango mwingine zaidi ya huo huo wa g.co/recover, na wengine wao ndo wezi wenyewe.

Dalili: majina yanarudi, kesho yamepotea tena

Mwizi bado yumo. Sababu tatu: hukutoa vifaa vyote, au kuna programu umeiruhusu, au kompyuta yako yenyewe ina kidudu kinachompelekea kila kitu, hasa kama uliweka programu ya kukraki ya bure. Hii ya mwisho paswedi mpya haisaidii, unaibadilisha kwenye kompyuta hiyo hiyo inayochungulia. Badilishia kwenye simu safi, kompyuta ipigwe Windows upya.

Dalili: majina yapo yote ila kuna mtu ukimpigia anapokea mwingine

Hii inanitia hofu kuliko ya kufutwa. Aliyeingia kwenye akaunti anaweza kubadili namba tu, jina likabaki "Mama" au "Supplier" na chini yake kuna namba yake. Unatuma hela kwa moyo mweupe kabisa. Kwahiyo baada ya kudukuliwa, hata kama orodha inaonekana nzima, fanya ile tendua mabadiliko, na kwa wiki kadhaa usitume hela kwa kuamini jina lililoandikwa kwenye simu, soma jina linalotokea kwenye M-Pesa au Airtel Money kabla ya kuthibitisha.

Dalili: huijui hata imeli yenyewe

Wako wengi sana hawa. Ulinunua simu, kijana wa dukani akakufungulia Gmail kwa haraka ili uondoke na simu inayofanya kazi, paswedi aliweka yeye, miaka yote majina yako yanaingia humo. Huyo kijana anaweza kuwa mwema kabisa lakini paswedi anaijua, na pengine ni ile ile anayowawekea wateja wote. Ingia mipangilio ya simu, bonyeza Google, imeli yako imeandikwa pale, iandike kwenye karatasi. Ukiwa na simu hiyo mkononi na bado imeingia, nafasi ya kubadili paswedi ni kubwa kwa sababu Google inaitambua simu, inaweza kukuomba ile patani au pini unayofungulia kioo tu. Weka namba yako ya kurejesha hapo hapo. Wazazi wetu ndo wako hivi karibu wote, ukienda kuwasalimia wafanyie, ni dakika chache.

Dalili: siku 30 zimepita na hakuna simu ya zamani

Hapo tunajenga upya, na inawezekana kuliko unavyodhani. WhatsApp chati zipo, zinaonyesha namba bila jina, lakini ukisoma mazungumzo unajua ni nani, na kwenye magrupu pembeni ya namba kuna lile jina mwenyewe alilojiwekea. Meseji za M-Pesa, Mixx na Airtel Money usizifute kamwe, zina jina kamili na namba, mtu anayefanya biashara kwa simu ana wateja wake nusu humo. Kwenye Gmail fungua barua ulizotuma, na kwenye Google Contacts kuna orodha ya Other contacts, wale uliowahi kuandikiana nao bila kuwahifadhi, mwizi mara nyingi hakumbuki kuigusa. Vitabu vya lisiti, makaratasi ya mizigo, kadi za biashara kwenye pochi. Na kama barua zenyewe nazo zimefutwa, Google wana fomu ya kuomba barua zilizofutwa na mdukuzi, ijaze mapema.

Ukiwa na namba na hujui ya nani, anza kama unatuma hela kidogo, jina likitokea lisome, afu ghairi. Andika jina, piga, jitambulishe kwa sauti, mwambie kilichotokea. Wengi watakupa na namba za wenzao.

Kila jina likiingia lihifadhi kwenye akaunti uliyoifunga vizuri, sio kwenye laini ambayo inabeba majina machache. Ukimaliza toa faili la vcf, weka moja kwenye memori kadi nyumbani na lingine mpe mtu wako mmoja unayemwamini akuhifadhie, na kila mwisho wa mwezi toa jipya.